Je, Ulimwengu Mzima Unazunguka?

Karibu kila kitu tunachokiona angani kinazunguka. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa pale ikweta, na wakati huo huo inalizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde. Jua lenyewe, pamoja na sayari zake zote, linakizunguka kitovu cha galaksi yetu ya Njia Nyeupe kwa kasi inayozidi kilomita 220 kwa sekunde, na huchukua miaka milioni 230 hivi kukamilisha duru moja. Mtu aliyeufuata mlolongo huu kwa makini hawezi kulaumiwa akiuliza kuhusu ngazi inayofuata: je, galaksi zote kwa pamoja nazo zinazunguka kitu fulani, na je, ulimwengu mzima unajizungusha?

Kwa maoni yangu hayo ni maswali mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoyafanya mazungumzo mengi juu ya jambo hili yasifike popote. La kwanza, la ulimwengu kuzunguka kitu, linaporomoka lenyewe mara tu unapolichunguza. La pili, la ulimwengu kujizungusha, ni swali halali la fizikia ambalo limefanyiwa hesabu na vipimo kwa miongo mingi, na jibu lake linastaajabisha kuliko watu wengi wanavyodhani.

Nianze na lile la kwanza, ambalo halihitaji maelezo marefu. Ili kitu kizunguke kingine, sharti kuwe na kitu hicho kingine pembeni, na uvutano kati ya hivyo viwili. Tukisema kwamba ulimwengu ni jumla ya vyote vilivyopo, basi chochote kinachouvuta ulimwengu tayari ni sehemu yake, na swali linabaki bila mahali pa kusimama. Tukisema badala yake kwamba ulimwengu ni ile sehemu tu tunayoweza kuiona, yaani eneo ambalo mwanga wake umepata muda wa kutufikia, hapo swali linapata maana kidogo, lakini linakutana na ukweli kwamba eneo hilo halina mpaka wa kimaumbile. Ni upeo wa macho yetu tu. Mtazamaji aliye katika galaksi ya mbali ana upeo wake mwingine, unaoingiliana na wetu, na hakuna sababu ya kudhani kwamba duara lililochorwa kutuzunguka sisi linasafiri kama mzigo mmoja kwenye njia yake.

Watu wamewahi kulitafuta jua la katikati. Mwaka 1846 mwanaastronomia Johann Heinrich von Mädler, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Dorpat, alitangaza kwamba amelipata: nyota Alcyone, iliyo angavu kuliko zote katika Kilimia, ndiyo inayozungukwa na Jua na nyota nyingine zote, na Jua hukamilisha duru yake kwa miaka milioni 18 na kidogo. Halikuwa wazo la mzaha. Lilitokana na jinsi alivyouchambua mwendo wa nyota, na katika zama zile Njia Nyeupe ilikuwa ndiyo karibu ulimwengu wote unaojulikana. Kazi ya Harlow Shapley ya mwaka 1918 ndiyo iliyohamisha kitovu na kukipeleka mbali sana na Kilimia, na leo tunajua kwamba kiko umbali wa miaka ya mwanga 26,000 hivi, ambako kuna shimo jeusi lenye uzito wa takriban majua milioni nne. Hata hapo pana jambo ambalo husahaulika mara kwa mara. Jua halizungushwi na shimo jeusi hilo, kwani majua milioni nne ni uzito mdogo mno ukilinganishwa na mabilioni ya nyota, gesi na maada nyeusi (maada isiyoonekana, inayojulikana kwa uvutano wake tu) iliyo ndani ya njia ya Jua. Linazunguka kwa sababu ya uvutano wa vitu hivyo vyote kwa pamoja. Mfalme aliyekaa katikati huku wengine wakimzunguka ni picha iliyotoka kwenye mfumo wetu wa Jua, na tumeibeba hadi mahali isikofaa.

Juu ya ngazi ya galaksi, picha hiyo inafifia kabisa. Mionzi ya mikrowevu iliyobaki kutoka zama za kale za ulimwengu, iliyogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson na kutangazwa mwaka 1965, ina joto la nyuzi 2.725 juu ya sifuri kamili. Upande mmoja wa anga mionzi hiyo ni ya joto kidogo zaidi, na upande ulio kinyume ni ya baridi kidogo zaidi, kwa sababu mfumo wa Jua unasafiri kwa kasi ya kilomita 370 hivi kwa sekunde ukilinganishwa na mionzi hiyo. Huo ni mwendo wetu sisi wa mahali hapa. Unatokana na mzunguko wa Jua ndani ya Njia Nyeupe pamoja na mvuto wa makundi ya galaksi yaliyo jirani kiasi, wala hauna dalili ya kuwa kipande cha duara kubwa.

Sasa lile swali la pili, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Pingamizi la kwanza analotoa mtu ni hili: ulimwengu ujizungushe ukilinganishwa na nini, ikiwa hakuna kilicho nje yake? Pingamizi hili lina nguvu kwa kuzunguka kitu, lakini kwa kujizungusha halina nguvu hata kidogo, na aliyelionyesha hilo kwa ndoo ya maji ni Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687. Alitundika ndoo kwa kamba, akaisokota kamba hadi ikakaza, akatia maji, kisha akaiachia. Mwanzoni ndoo inazunguka huku maji yakiwa yametulia na uso wake uko sawa. Baadaye maji yanaanza kufuata ndoo, na kadiri yanavyozunguka pamoja nayo ndivyo yanavyopanda kandokando na kubonyea katikati. Ukiangalia vizuri utaona kwamba maji na ndoo vinatofautiana zaidi kwa mwendo pale mwanzoni, wakati uso wa maji ukiwa tambarare, na havitofautiani kabisa pale mwishoni, wakati uso umebonyea. Kwa hiyo maji yanajua kwamba yanazunguka, na hayakuambiwa na ndoo.

Mwaka 1851 Léon Foucault aliwaonyesha watu wa Paris jambo lile lile kwa kiwango cha Dunia. Chini ya kuba la Panthéon alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67, akaliacha libembee. Saa zikipita, mstari wa kubembea ukaonekana kugeuka taratibu, duru nzima kwa saa 32 hivi katika latitudo ile, ilhali hakuna kilichokuwa kikiusukuma. Kilichokuwa kikigeuka ni sakafu ya jengo, pamoja na jiji lote. Mtu angeweza kufungiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha, asiione nyota hata moja maishani mwake, na bado akagundua kwamba Dunia inajizungusha na kuipima kasi yake.

Hapa ndipo ulipo ufunguo wa jambo zima. Tunazo njia mbili za kupima mzunguko wa Dunia ambazo hazitegemeani. Ya kwanza ni kutazama galaksi za mbali zinavyoonekana kupita juu yetu. Ya pili ni kutumia pendulamu, au jairoskopu, yaani tufe au gurudumu linalozungushwa kwa kasi ambalo mhimili wake hukataa kubadili mwelekeo. Njia hizo mbili zinatoa jibu moja. Kilicho tuli kwa jairoskopu ni tuli pia kwa galaksi za mbali, kwa usahihi wote tuliowahi kuufikia. Hakuna sheria ya mantiki inayolazimisha iwe hivyo. Ingewezekana kabisa jairoskopu zitulie na galaksi za mbali, zote kwa pamoja, zionekane zikizizunguka polepole, na hiyo ndiyo maana kamili ya kusema kwamba ulimwengu unajizungusha. Haihitaji kitu cha nje wala mtazamaji aliyesimama ukingoni.

Ernst Mach, katika kitabu chake cha mwaka 1883, alikuwa na maelezo ya mlingano huo: labda ni maada yote ya ulimwengu inayoiamuru jairoskopu ielekee wapi, na kama ndivyo, ulimwengu hauwezi kuzunguka ukilinganishwa na dira ambayo wenyewe ndio unaoitengeneza. Einstein alilipenda sana wazo hili na alitumaini kwamba nadharia yake ya uhusianifu wa jumla, yaani nadharia yake ya uvutano, ingelitimiza. Inalitimiza kwa sehemu. Mwaka 1918 Josef Lense na Hans Thirring walionyesha kwa hesabu kwamba maada inayozunguka huburuta kidogo dira ya jairoskopu zilizo karibu nayo, na setilaiti ya Gravity Probe B, iliyorushwa mwaka 2004, ilikwenda kupima mburuto huo. Ndani yake mlikuwa na tufe nne za kwatsi, madini yanayofanana na kioo, zenye ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani, miongoni mwa vitu vya mviringo kamili zaidi ambavyo binadamu amewahi kuvitengeneza, pamoja na darubini iliyokazwa kuitazama nyota moja tu, IM Pegasi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha mburuto wa takriban sehemu 37 za elfu za sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja ya pembe) kwa mwaka, na nadharia ilikuwa imetabiri 39, tofauti iliyo ndani ya mipaka ya makosa ya kipimo.

Aliyevunja matumaini ya Einstein ya kulitimiza wazo la Mach kikamilifu alikuwa rafiki yake wa Princeton, mwanamantiki Kurt Gödel. Mwaka 1949, katika maadhimisho ya miaka 70 ya Einstein, Gödel alitoa suluhisho la milinganyo ya uhusianifu ambamo ulimwengu wote unajizungusha. Uzuri wa suluhisho hilo, na kwangu mimi ndio uzuri wake mkubwa kuliko hata uwezekano wake wa kusafiri kurudi wakati uliopita ambao hutajwa kila mara, ni kwamba halina kitovu. Kila sehemu ni sawa na nyingine, na kila mtazamaji, popote alipo, ataona maada yote ikimzunguka yeye. Kwa msongamano wa maada uliokadiriwa wakati ule, alipata duru moja kwa kila miaka bilioni 200 hivi. Ulimwengu wake ulikuwa na kasoro moja isiyoweza kufumbiwa macho, nayo ni kwamba haukuwa unatanuka, ilhali wetu unatanuka. Lakini mwaka uliofuata alieleza ulimwengu mwingine unaozunguka na kutanuka pia. Miaka mitatu kabla ya suluhisho lile la kwanza la Gödel, mwaka 1946, George Gamow alikuwa ameshauliza katika jarida la Nature kama mzunguko wa galaksi usingeweza kuwa umerithiwa kutoka kwenye mzunguko wa ulimwengu wote. Kwa simulizi ya John Wheeler, Gödel aliendelea kulifuatilia swali hili hadi uzeeni, akitumia atlasi ya picha za galaksi na rula kupima kama mihimili yake inaelemea upande mmoja.

Dhana ya Gamow haihitajiki tena. Leo inaeleweka kwamba galaksi changa hupata mzunguko wake kwa kuvutwa bila usawa na majirani zake, wazo lililotolewa na Fred Hoyle na kuendelezwa kwa hesabu na James Peebles mwaka 1969, na kwa njia hiyo mizunguko huelekea huku na huku bila kuegemea upande mmoja. Hata hivyo desturi ya Gödel ya kuhesabu galaksi haijafa, na ndiyo inayoleta vichwa vya habari kila baada ya muda. Mwaka 2011 Michael Longo aliandika kwamba miongoni mwa galaksi 15,158 zenye mikono iliyojipinda alikuta upande mmoja umezidi kwa asilimia 7 hivi. Mwaka 2025 Lior Shamir alihesabu galaksi 263 katika picha za darubini ya James Webb, akapata 158 zinazozunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa na 105 kinyume chake.

Hesabu hiyo ya pili nimeikalia kidogo. Kama mwelekeo wa kila galaksi ni wa kubahatisha, basi katika galaksi 263 tofauti ya kawaida kati ya pande mbili ni 16 hivi, ambayo ni kipeuo cha pili cha 263. Tofauti iliyopatikana ni 53, yaani zaidi ya mara tatu ya hiyo. Bahati tupu ingeleta tofauti ya namna hiyo takriban mara moja katika majaribio elfu moja, kwa hiyo si jambo la kupuuzwa, lakini pia si jambo la kuangusha kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu mzima. Kikubwa zaidi ni kwamba galaksi ionekanayo kuzunguka na saa kutoka upande mmoja huonekana kuzunguka kinyume kutoka upande wa pili. Kama kweli kuna mhimili wa ulimwengu, tutarajie nusu moja ya anga ielemee upande huu na nusu nyingine ielemee upande ule, na picha ya kipande kidogo sana cha anga haiwezi kuuonyesha mpangilio huo peke yake. Shamir mwenyewe alitaja maelezo mengine yanayowezekana, kwamba mzunguko wa Njia Nyeupe huenda unazifanya galaksi za mwelekeo mmoja zionekane angavu zaidi na hivyo zihesabike kwa urahisi. Mwaka 2024 Dhruva Patel na Harry Desmond walikuwa wamezipitia upya seti kadhaa za data za aina hii kwa takwimu zilizo makini zaidi, na hawakukuta dalili ya mwelekeo wowote unaopendelewa.

Kisha kuna mhesabuji mwenyewe. Mradi wa Galaxy Zoo, ulioanza mwaka 2007, uliwapa makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea picha za galaksi mtandaoni ili waseme kila moja inazunguka upande gani. Zile za kinyume cha saa zikazidi. Watafiti wakafanya jambo la busara: wakazigeuza baadhi ya picha kama zinavyoonekana kwenye kioo na kuwarudishia watu. Kama ziada ingekuwa ya anga, ingehamia upande wa pili. Haikuhama. Kinyume cha saa zikazidi tena, na mwaka 2008 timu hiyo ikaandika kwamba mwelekeo ulikuwa wa macho na akili za binadamu. Sijaona jaribio jingine la astronomia linalonifurahisha kiasi hicho kwa unyofu wake.

Kipimo chenye nguvu hasa kinatoka kwenye ile mionzi ya mikrowevu. Imesafiri kwa karibu miaka bilioni 13.8, na kama ulimwengu ungekuwa ukijisokota wakati wote huo, joto lake lingebeba alama ya msokoto huo kwenye anga nzima, aghalabu kama mzingo unaojikunja kuelekea nukta moja. Stephen Hawking alilishughulikia jambo hili mwaka 1969, na tena mwaka 1973 akiwa na Barry Collins. Mwaka 2005 kulikuwa na msisimko kidogo, kwa kuwa mzingo wa aina hiyo ulionekana kulingana na data za WMAP, setilaiti iliyoichora ramani ya mionzi hiyo, lakini ulihitaji ulimwengu wenye kiasi cha maada na mkunjo wa anga visivyoafikiana na vipimo vingine. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ililimaliza suala hilo. Kwa aina za ulimwengu zilizopimwa, mzunguko wa leo hauwezi kuzidi sehemu moja hivi ya bilioni ya kasi ya kutanuka, na hiyo ni sawa na kusema kwamba duru moja ingechukua zaidi ya miaka bilioni bilioni 100. Lau kasi hiyo ingekuwa ile ile tangu mwanzo, ulimwengu ungekuwa umegeuka hadi leo kwa pembe ndogo kama unene wa unywele unaotazamwa kutoka umbali wa kilomita 100. Mwaka 2016 Daniela Saadeh na wenzake wakapima kila namna ambayo ulimwengu ungeweza kutanuka kwa kupendelea upande mmoja, kujisokota kukiwamo, wakahitimisha kwamba uwezekano dhidi ya jambo hilo ni 121,000 kwa moja.

Udogo huu una sababu inayoeleweka. Kitu kinachotanuka huku kikizunguka hupunguza kasi yake, na kwa maada ya kawaida mzunguko hupungua kwa mraba wa kipimo cha mtanuko. Tangu mionzi ile ilipoachiliwa ulimwengu umetanuka mara 1,100 hivi, kwa hiyo mzunguko wowote uliokuwapo wakati huo umepungua zaidi ya mara milioni moja. Na kama ulimwengu ulipitia mtanuko mkali katika sehemu ndogo mno ya sekunde yake ya kwanza, kama wengi wanavyoamini, mzunguko wa kabla ya hapo ulifutwa usibaki hata chembe. Ndiyo maana kugunduliwa kwa mzunguko halisi, hata mdogo kiasi gani, kungekuwa pigo kwa nadharia hiyo ya mtanuko mkali.

Vipimo hivi vina mwanya mmoja. Vinahusu ulimwengu ambamo kuzunguka kunaandamana na kunyumbuka kwa anga kwa namna isiyo sawa pande zote. Zipo hesabu za ulimwengu unaozunguka na kutanuka bila kunyumbuka huko, na humo joto la mionzi halibadiliki. Mwaka 2025 timu ya István Szapudi wa Hawaii na wenzake wa Hungaria ilipendekeza kwamba mzunguko wa polepole sana, ambao walisema unaweza kuwa duru moja kwa kila miaka bilioni 500, ungeweza kuondoa mgogoro kati ya vipimo viwili vya kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, kile cha 67 na kile cha 73, kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki (umbali wa miaka ya mwanga milioni 3.26 hivi). Wazo hilo linavutia, kwa kuwa linatibu tatizo halisi kwa dawa iliyokwisha kupimwa na Gödel. Lakini hesabu yao inatumia uvutano wa Newton, na kasi wanayoitaja ni kubwa kuliko kikomo cha Planck kwa zaidi ya mara milioni 100. Kazi iliyo mbele yao ni kuandika ulimwengu huo kwa milinganyo kamili ya Einstein, kisha kukokotoa kile ambacho mionzi ya mikrowevu ingeonyesha ndani yake, joto na pia mwelekeo ambao mawimbi yake hutikisika, na kukiweka kando ya ramani ya Planck ambayo tayari ipo wazi kwa kila mtu.